Nimehifadhi picha zaidi ya elfu nne, lakini nikikaa kudizaini sina wazo. Wenzangu mnaokota wapi?

Fundi_Lebo

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni dizaina, nimejifunza mwenyewe kwa simu na kompyuta ya kuazima, na huu ni mwaka wa tatu kazi hii inanilisha. Nafanyia nyumbani Tabata: lebo, vipeperushi, kadi za harusi, nembo za maduka. Programu nazimudu vizuri. Kinachonishinda ni mawazo.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya lebo ya mafuta ya nazi. Mteja ni mama mmoja anayekamua mwenyewe nyumbani kwake Mbagala, nazi zinatoka Mafia, chupa za mililita 250. Nikafungua Pinterest, nikatafuta lebo za mafuta ya nazi, nikakesha. Nikampelekea michoro mitatu. Yule mama hakugomba. Alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na chupa nne za watu wengine alizonunua madukani, akazipanga mezani, michoro yangu akaiweka katikati yake. Mnazi ndani ya duara, nazi iliyopasuliwa, jani la kijani, maandishi ya kuigiza mwandiko wa mkono. Zote saba kama zimetoka tumbo moja. Akaniuliza, "Mwanangu, ya kwangu ni ipi hapa?" Nilikosa la kusema.

Pinterest nimehifadhi picha zaidi ya 4,300. Skrinishoti za Instagram ndiyo usiseme, simu imejaa hadi inagoma kupokea ujumbe. Nikizifungua naona kazi nzuri za watu, halafu mikono inakufa ganzi.

Swali langu kwa mliokaa kwenye fani siku nyingi: mnatafuta wapi vitu vya kuwapa mawazo, na mnavihifadhi vipi ili siku ya kazi vikusaidie? Yule mama kanipa wiki tatu nyingine. Sitaki kumwangusha.

Naomba kuwasilisha.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Salaam aleikum ndugu yangu, nakuandikia kutoka Mombasa.

Mimi huchora matatu (daladala za huku kwetu) na mabango ya maduka, na nikikwama siangalii simu. Huteremka Mtaa wa Biashara kwenye maduka ya leso (nyinyi huko mwaita khanga). Kuna lile duka la Kaderdina Hajee Essak, lipo tangu 1887, na leso zake bado zina ile chapa ya "Mali ya Abdulla". Nikifika naomba nifunguliwe kumi, kumi na tano, moja baada ya nyingine. Wauzaji wamenizoea.

Angalia jambo moja: leso ina rangi mbili, tatu, mara chache zaidi. Kila rangi inayoongezwa ni gharama na ni kazi nyingine kiwandani, kwa hiyo mchoraji wa leso amelazimika kufikiri kwa uchache. Mimi nikirudi kazini baada ya kuangalia leso, nusu ya rangi nilizokuwa nimepanga nazifuta.

Anzia hapo. Nunua moja uitandike kwenye meza yako, si kitandani.

---

Mama_Wino

Mdogo wangu Fundi_Lebo, nimelisoma swali lako mara mbili, hasa pale mama alipopanga zile chupa mezani. Huyo mteja mshike. Wengi wangekulipa nusu, wakapotea, na wewe usijue kosa lilikuwa nini. Yeye kakuonyesha.

Kila lebo uliyohifadhi ni jibu la mteja mwingine. Alikuwa na fedha kiasi gani, anauza supamaketi au gengeni, anashindana na nani, mashine ya kuchapia ilikuwa na uwezo gani: yote hayo yalimfikisha dizaina wake kwenye ule mchoro. Wewe unaliona jibu peke yake. Ukilibandika kwenye kazi yako halishiki, kwa sababu mafuta ya mama wa Mbagala yana maswali yake. Halafu kumbuka kwamba ukiandika maneno yale yale kwenye Pinterest, na mwenzako wa Arusha akaandika hayo hayo, mtaletewa picha zinazofanana, na zile ulizogusa jana ndizo zinazoamua uletewe nini leo. Ndiyo maana chupa saba zimekuwa ndugu.

Nikueleze mimi nilivyoanza kukusanya.

Mwaka 2001 niliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji hapa Dar, kazi yangu kukata na kukunja. Mashine ya ofseti ikianza kazi mpya, karatasi nyingi za mwanzo hazifai: wino haujakaa sawa, rangi hazijashikana. Ili wasipoteze karatasi safi, mafundi walikuwa wanapitisha karatasi zile zile zilizoharibika, leo kwenye kalenda, kesho kwenye kadi za harusi, keshokutwa kwenye vitabu vya risiti. Ikifika mwisho wa wiki karatasi moja imebeba kazi tano. Bibi harusi amesimama ndani ya jedwali la risiti, jahazi la kwenye kalenda linapita juu ya kichwa chake. Zilikuwa zinapelekwa kufungia maandazi. Mimi nikawa nachagua moja moja na kwenda nayo nyumbani.

Ninayo moja mkononi sasa hivi naandika. Tanga la jahazi lilichapwa kwa buluu, na limelalia njano ya mfuko wa unga. Pale zilipokutana pametokea kijani cha ajabu, kizito, kama majani ya mgomba baada ya mvua. Hakuna mtu aliyekichagua kile kijani. Nyuma yake nimeandika kwa penseli: "Buluu juu ya njano ya unga. Wino mbili zimezaa rangi ya tatu, haikulipiwa." Miaka kadhaa baadaye, nimeshakuwa dizaina, akaja mkulima wa mpunga anataka mfuko wenye rangi tatu na fedha yake inatosha mbili. Sikufungua kompyuta. Nilivuta boksi chini ya kitanda, nikatoa karatasi ile, na mfuko ukapatikana.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo palipo na kazi yenyewe. Kilichonisaidia siku ile ni ule mstari wa penseli. Karatasi bila maandishi ingekuwa takataka nzuri tu. Nikiokota kitu, hata kama ni tikiti, naandika nyuma yake nimekipata wapi, lini, na *kimefanya nini* hadi nikasimama. "Nzuri" hairuhusiwi. Nikishindwa kuandika kimefanya nini, nakirudisha nilipokitoa. Boksi zangu za viatu ni kumi na moja sasa, na ninaweza kukuambia kila moja ina nini.

Jambo la pili ni kuhesabu. Mwaka 2009 nilikwenda msibani Pangani, nikalala kwa shangazi yangu ambaye amesuka mikeka tangu akiwa mwari. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshawachorea wateja wawili kitu nilichokiita nakshi ya mkeka. Zile nakshi zilikuwa na kasoro niliyoihisi bila kuijua jina. Usiku, baada ya watu kupungua, nikamwomba shangazi anionyeshe. Akachukua ukindu, ameshauchemsha kwenye rangi, mwingine mweupe wake wa asili, akaanza ukili. Juu mbili, chini mbili, unageuza pembeni, unarudi. Ukili ni utepe mrefu tu. Baadaye ndiyo unashonwa ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka.

Nikalala kifudifudi sakafuni na tochi, nikasogeza macho karibu kabisa. Hakuna mviringo hata mmoja. Kila mstari unakwenda mshazari, na kila kinachoonekana kama mkunjo kwa mbali, ukikisogelea ni ngazi ndogondogo. Mimi kwenye kompyuta nilikuwa nachora mawimbi na maduara. Ukili haujui duara! Ndiyo maana kazi zangu zilionekana za uongo. Asubuhi nikaomba daftari la hesabu la mtoto wa pale, lile la visanduku, nikaanza kujaza kisanduku kimoja kwa kila unyuzi unaoonekana juu. Nilihesabu hadi macho yakaniuma. Ukurasa ule ndio niliokuja kuutumia kwenye pindo la boksi la haluwa la mteja wangu wa Tanga, na shangazi alipoliona aliitaja nakshi ile kwa jina lake. Sijawahi kupokea sifa kubwa kuliko hiyo.

Khanga nayo hivyo hivyo, na namuunga mkono ndugu yetu wa Mombasa, ila usiishie kuitazama. Ipime. Ina sentimita kama 150 kwa 110. Chukua rula upime pindo lina upana gani, mji, yaani uwanja wa katikati, umebakiwa na nafasi gani, jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, limekaa umbali gani kutoka kwenye pindo la chini, herufi zina kimo gani. Utakuta wanatumia herufi kubwa tupu, na jina linasomeka mtu akiwa anatembea mbele yako barabarani. Fikiria hiyo: maandishi kwenye kitambaa kinachokunjamana, kinachotembea, na bado unayasoma. Ukipata dizaina aliyelitatua jambo hilo vizuri zaidi ya wachoraji wa khanga, nitumie nimwone. Hapa Dar nenda Mtaa wa Uhuru, upande wa Mnazi Mmoja, maduka yamepangana.

Haya, mafuta ya nazi. Mdogo wangu, umechora mnazi kwa sababu picha zote zimechora mnazi. Huyo mama kwani yuko juu ya mnazi? Yeye yuko uani. Mwombe ruhusa ukakae naye siku anayokamua, kuanzia nazi ya kwanza hadi chupa inafungwa. Simu iweke mfukoni saa nzima ya mwanzo. Chukua daftari, chora vibaya, hakuna anayekukagua. Angalia mbuzi anayokunia, meno yake yamepangwaje. Angalia kifumbu cha kukamulia tui, makumbi, vifuu, chicha ikishakamuliwa inakuwaje. Sikiliza anavyoviita vitu vyake. Vingi kati ya hivyo hutavikuta kwenye skrini yoyote, kwa sababu hakuna aliyejali kuvipiga picha.

---

Fundi_Lebo

Dada Mama_Wino, shikamoo. Nimeisoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Mwana_wa_Kibokoni nawe asante sana kaka.

Nimeshampigia yule mama, kakubali, Jumamosi alfajiri nipo kwake. Nina maswali mawili ya nyongeza kabla sijaenda. La kwanza, mimi sina nafasi ya maboksi, chumba ni kimoja, sehemu kubwa itabidi iwe kwenye simu. Naipangaje isirudi kuwa jalala? La pili, kuna hofu inanisumbua: nikichukua nakshi ya khanga au mchoro wa mtu nikaugeuza kidogo, si nimeiba?

---

Mama_Wino

Marahaba mdogo wangu.

Simu haina ubaya, ila iwe na ghala pembeni. Mwaka 2016 niliibiwa yangu kwenye foleni ya basi na ndani kulikuwa na picha za milango ya Unguja za miaka miwili, mifaa na vizingiti nilivyovipiga kimoja kimoja, jua likiwa limelala ili nakshi itoe kivuli. Sikuwa na nakala hata moja. Nililia kama nimefiwa. Tangu hapo kila Jumapili jioni nahamisha kila kitu kwenda sehemu mbili, diski ya nje na akaunti ya mtandaoni, na hapo hapo nafuta. Kwa kawaida katika picha thelathini nabaki na nane.

Kuhusu kupanga: usitengeneze folda za "nembo", "mabango", "lebo". Hizo ndizo zinazokurudisha kutazama nembo unapotakiwa kuchora nembo. Folda zangu zina majina ya matatizo. Ipo inayoitwa "rangi mbili tu". Ipo "maneno mengi nafasi ndogo", na ndani yake kuna picha ya ubavu wa daladala, ya tangazo la mganga, na ya jiwe la kaburi la Bagamoyo. Ipo "kitu kirefu chembamba". Ipo "kurudiarudia bila kuchosha", humo ukili unakaa jirani na ukuta wa matofali ya matundu. Mteja akija, namuuliza hadi nijue tatizo lake ni lipi, kisha nafungua folda moja. Na jina la faili uliandike mwenyewe, maneno manne au matano, ule mstari wa penseli ndio unaohamia hapo.

Rangi ziangalie sana. Kamera ya simu hubadilisha rangi kulingana na mwanga, kwa hiyo weka karatasi nyeupe pembeni ya kitu unachopiga, ukifika kwenye kompyuta urekebishe hadi ile karatasi iwe nyeupe kweli. Na wekundu wa khanga unaong'aa kwenye skrini ukiuchapa kwa wino nne unaweza kutoka umepauka kama tofali. Kabla hujamwahidi mteja rangi, nenda Kariakoo kachape kipande kidogo kwenye stika ile ile itakayotumika. Gharama ya kipande ni ndogo kuliko aibu.

Pinterest usiifute. Mimi nimehamisha tu zamu yake. Naifungua mwishoni, mchoro ukishasimama, kuangalia kama kuna aliyenitangulia. Natafuta kwa picha badala ya maneno. Nikikuta unaofanana sana, wangu naubadilisha.

La wizi nawaachia wenzangu, kuna wanaolijua zaidi.

---

Stika_na_Mabango

Mkuu, nimewahi kulipa faini ya ujinga kwenye hili kwa hiyo nakuambia kwa uchungu. Nilichukua mchoro wa ndege kutoka kwenye mchoro wa Tingatinga ulioning'inia hotelini, nikaugeuza upande, nikabadilisha rangi ya mabawa, nikaweka kwenye fulana za mteja. Mchoraji akaziona. Alikuwa na haki na nilimlipa.

Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ulinzi wake unadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtu anadhani kitu kikiwa cha "kienyeji" hakina mwenyewe. Mtindo wa Tingatinga unajulikana dunia nzima, lakini mchoro uliopo mbele yako kauchora mtu, ana jina pale chini kwenye kona, mara nyingi ana watoto wa kusomesha. Khanga mpya nayo kuna aliyeichora.

Kujifunza *namna* ni jambo lingine. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia mbao bapa za kiwandani na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana dukani. Rangi ile inang'aa na inakaa bapa. Ukijiuliza "na mimi kilichopo dukani kwangu ni nini?" hujamwibia mtu.

Kwa picha za zamani kuna hazina ya bure: mkusanyiko wa Winterton, upo Chuo Kikuu cha Northwestern Marekani na umewekwa mtandaoni, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960. Mimi huwa nakuza hadi nione mavazi, vikapu, milango, jahazi zilivyofungwa kamba. Soma masharti ya matumizi kabla ya kuchapa chochote.

---

Kolo_Juu

Naongezea moja tu. Mkipita barabara ya Dodoma kwenda Babati, kaskazini ya mji wa Kondoa, shukeni Kolo. Michoro ya miambani ya pale imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Ofisi ya mambo ya kale ipo pale pale, utapewa mtu wa kukuongoza. Watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo, mstari mmoja kwa mguu mzima, na bado unaona anakimbia. Nembo zangu zote tangu nilipokwenda zimepungua mistari. Bebeni maji, kupanda kule si mchezo.

---

Fundi_Lebo

Wakuu, nimerudi. Imepita wiki mbili na siku kadhaa.

Jumamosi nilifika Mbagala saa kumi na moja na nusu. Nilifanya kama dada alivyosema, simu mfukoni. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi, taa ya umeme juu yake, nazi zimepangwa kama hamsini. Nilichora ile mbuzi mara tatu, meno yake ni kama jua linalochomoza nusu. Nikadhani ndiyo nimepata. Nikaandika pembeni.

Halafu akaanza kukamua tui. Watu wengi siku hizi wanatumia kitambaa au chujio la plastiki, yeye anacho kifumbu, alirithi ufundi huo kwa mama yake na cha sasa kinasukwa na mdogo wake kule kisiwani. Kikiwa kitupu, kimening'inia msumarini, miyaa yake, yale majani yaliyosukwa, inakutana wima na mlalo, visanduku vidogo vya mraba. Akakijaza nazi iliyokunwa, akashika juu na chini, akasokota. Jamani. Vile visanduku vyote vikalala upande mmoja kwa pamoja, vikawa almasi nyembamba, vikazidi kubana kadiri anavyosokota, na tui likatoka kwenye kila tundu. Alipolegeza vikarudi miraba. Nilimwomba arudie. Akacheka, akarudia, mara nne.

Nikahesabu kama dada alivyohesabu mkeka. Daftari la visanduku nililipata kwa mjukuu wake.

Lebo nimeichora hivi: inazunguka chupa nzima. Juu, karibu na shingo, miraba imetulia. Ikishuka inaanza kulala, inabana, hadi katikati panapokaa jina la mafuta panakuwa pamesokotwa kabisa, kisha chini inalegea tena. Rangi mbili, kahawia ya makumbi na nyeupe ya karatasi yenyewe. Hakuna mnazi. Hakuna jani. Jina nimeliandika kwa herufi kubwa tupu, nimepima khanga tatu za Mtaa wa Uhuru ili nijue liwe kubwa kiasi gani, na linasomeka ukiwa umesimama ng'ambo ya duka. Kahawia nilichapa mara mbili Kariakoo, ya kwanza ilitoka na wekundu nisioutaka.

Kabla sijaipeleka niliitafuta kwa picha. Zilikuja vikapu, mazulia, kitambaa cha suti. Chupa ya mafuta haikuja hata moja.

Jana nimempelekea, imezungushwa kwenye chupa yake mwenyewe. Aliishika muda mrefu bila kusema neno, hadi nikaanza kutokwa jasho. Akaenda ukutani akakitoa kifumbu, akakiweka mezani pembeni ya chupa, akavaa miwani. Akaanza kuhesabu kwa kidole, kwenye kifumbu, halafu kwenye lebo, akarudi kwenye kifumbu. Kisha akaniambia, "Hapa ukingoni umeweka miyaa miwili. Mdogo wangu ananisukia mitatu, ndiyo maana hakipasuki. Weka mitatu, halafu lete nikulipe."

Nimeshaweka mitatu. Usiku huu natuma faili.

---

Mama_Wino

Mitatu hiyo iangalie isije ikazibana herufi za ujazo pale chini, ukingo ukinenepa nafasi inapungua. Sogeza jina juu milimita mbili ikibidi, usilipunguze.

Na kifumbu chake kikichakaa mwombe akuachie. Fungia karatasi kwenye shingo yake, uandike tarehe ya ile Jumamosi, na uandike kilifanya nini.